Kufuli la Wavuti na Ukurasa Wetu Mdogo

Huenda mtu akauliza makala ya kompyuta yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Jawabu ni kwamba katika mkutano wa mwisho wa muhula uliopita chama chetu kiligawanyika pande mbili kwa sababu ya kufuli. Si kufuli la stoo, ambalo ufunguo wake ulishapotea zamani, bali lile kufuli la kurasa za wavuti. Utalijua kwa herufi https mwanzoni mwa anwani. Zamani vivinjari vyote vilichora na kijikufuli chenyewe, mpaka Chrome ilipokiondoa mwaka 2023 ikaweka alama nyingine, lakini sisi bado twaliita kufuli.

Wengine walitaka ukurasa wa chama uwe na kufuli. Wengine tulisema liondolewe. Nasema "tulisema" kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele zaidi. Baada ya mkutano nilikwenda kusoma, na nimeona kwamba nusu ya niliyoyasema yalikuwa makosa. Nusu nyingine bado naishikilia, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza historia ya ukurasa wenyewe. Chama kiliupata mwaka 2023, ukitengenezwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne wa wakati ule. Ni maandishi matupu: methali, mashairi ya wanafunzi, na ngano sita tulizokusanya kwa wazee wetu wa Kigiriama na kuzitia katika Kiswahili. Ngano ya tatu ni ya nyanya yangu. Picha iliyomo ni moja tu, ya nguzo ya Vasco da Gama, nayo ni nzito kuliko maandishi yote yakichanganywa. Ukurasa ule hauulizi nywila wala jina la mtu. Hata kwa bando dogo kabisa ulikuwa ukifunguka papo hapo. Na haukuwa na kufuli.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Siku moja mlezi wa chama alituita ofisini, uso umekunjamana. Mzazi mmoja alikuwa amekaa katika mkahawa mmoja mjini wenye wi-fi ya bure, akaufungua ukurasa wetu amwonyeshe mwenzake, akakuta juu ya methali zetu tangazo la kamari. Tena la rangi, linawakawaka. Mlezi akatuuliza, "Nani kati yenu amepewa pesa?" Tulipigwa na butwaa. Tukaufungua ukurasa shuleni: hakuna tangazo. Tukaufungua kwa simu ya mwalimu mwingine: hakuna. Siku ya pili wawili wetu tukaenda mkahawani, tukaagiza chai moja, tukaufungua. Lo! Tangazo lile hapo.

Ni hapo tulipojifunza kwamba ukurasa wa wavuti hausafiri kama ndege aliye peke yake angani. Unapita mikononi mwa mitambo mingi, na ukiwa hauna kufuli kila mtambo unaweza kuusoma na hata kuuongezea maneno. Mwenye ile wi-fi, au aliyemwuzia, alikuwa ameweka programu inayobandika matangazo katika kila ukurasa usio na kufuli unaopita kwake.

Niruhusuni nieleze kufuli lenyewe. Sote tuliolelewa huku pwani tunajua mchezo wa kusema kinyume. Ukitaka mdogo wako asielewe, unatoa silabi ya mwisho unaitanguliza: kesho inakuwa shoke, bahari inakuwa ribaha. Anayejua kanuni anaelewa, asiyejua anabaki kukodoa macho. Kufuli la wavuti ni kinyume cha namna hiyo, ila kanuni yake ni ya hesabu ngumu na hubadilishwa kila mnapozungumza upya. Simu yako na ile kompyuta ya mbali yenye ukurasa, inayoitwa seva, hukubaliana kwanza juu ya kanuni. Ndipo maneno yapite. Aliye katikati huona vurugu tupu, na akijaribu kuchomeka neno lake, simu hugundua mara moja na kuukataa ukurasa. Kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa kufuli la kwanza la namna hii mwaka 1995, hasa kwa ajili ya watu wanaonunua vitu kwa kadi za benki. Kufuli hilo limebadilishwa mara nyingi, na yale ya kale sasa hayakubaliwi. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha kutumia matoleo mawili ya zamani, la 1999 na la 2006.

Katika mkutano hoja yangu kubwa ilikuwa hii: sisi hatuna siri. Methali ni mali ya kila mtu, tufiche nini? Hapa ndipo nilipokosea. Nilidhani kazi ya kufuli ni kuficha tu. Kumbe pia ni kuhakikisha maneno yanafika kama yalivyotoka. Tangazo la kamari ni jambo dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2011, wakati wa maandamano yaliyomng'oa Rais Ben Ali wa Tunisia, watu waliokuwa wakiingia Facebook bila kufuli waliibiwa nywila zao. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa ukiongezewa njiani mistari michache ya programu, na mistari hiyo ndiyo iliyozichukua nywila. Facebook ikalazimika kuwawekea Watunisia kufuli. Kwa hivyo anayesema "ukurasa wangu hauna siri" amejibu swali moja na kuliacha la pili.

Basi tukaweka kufuli. Na hapo ndipo taabu ya pili ilipoanza.

Kufuli peke yake halitoshi. Unaweza kusema kinyume na mtu vizuri sana, kumbe ni mwizi. Lazima ujue unayezungumza naye ni nani. Kwa hiyo seva hutoa cheti. Mfikirie mwanafunzi anayeomba basari: lazima apeleke barua ya chifu yenye sahihi na muhuri, kwamba huyu ni mkazi wangu, namjua. Cheti cha wavuti ni barua ya chifu. Mna jina la ukurasa, mna muhuri wa aliyekitoa, mna tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Nayo simu yako ina orodha ya machifu inaowaamini, imewekewa humo kiwandani. Ikiona muhuri wa chifu isiyemjua, au tarehe imepita, haikubembelezi. Inaleta onyo kubwa kwamba mawasiliano yako si ya faragha, na watu wengi wakiliona hukimbia.

Zamani vyeti hivi vilinunuliwa, tena kila mwaka, kwa hivyo kurasa ndogo kama yetu zilikaa bila. Mwishoni mwa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt la Marekani likaanza kuvitoa bure kwa kila mtu. Hilo ni jambo la kushukuru, sitalidharau. Lakini vyeti vyake vilitoka vikiwa vya siku 90 tu, na baada ya hapo lazima kifanywe upya. Kisha Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika "si salama" kando ya kila ukurasa usio na kufuli, hata ukiwa wa methali. Yaani ukurasa ambao jana ulikuwa mzuri, leo unaonekana kama wa matapeli, na mwenyewe hajagusa kitu.

Yule mwanafunzi wa zamani alituwekea cheti cha bure kwa hisani yake. Hakuweka ile programu ya kukifanya upya chenyewe. Alisema atakuwa akikifanya kwa mkono. Kisha akapata kazi Qatar, akaenda zake. Siku 90 zikaisha katikati ya likizo ya Desemba. Tulipofungua shule ukurasa wetu ulikuwa umezibwa na onyo lile, na hakuna aliyekuwa na nywila ya seva. Sikatai, kosa lilikuwa letu. Lakini angalieni tofauti: ukurasa usio na kufuli ungekaa miaka kumi bila mtu kuugusa, kama kaburi la mzee lililojengewa. Wenye kufuli unataka kulishwa kama mbuzi. Tena siku zinazidi kupunguzwa. Aprili 2025 kampuni za vivinjari na za vyeti zilikubaliana kwamba kufikia Machi 2029 hakuna cheti kitakachozidi siku 47. Ni wazi kwamba baada ya hapo hakuna atakayefanya kwa mkono. Kila mwenye ukurasa, hata wa mashairi, atahitaji mtambo wa kumfanyia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nipige kelele katika mkutano. Mwezi wa Agosti mwaka jana dada yangu alikuwa akiomba nafasi ya chuo cha ufundi. Sisi twakaa Mambrui, na simu yenye intaneti nyumbani ni moja, ya mama, Android 5, kioo kimepasuka pembeni lakini inafanya kazi. Dada alifungua tovuti ya maombi, simu ikamwambia mawasiliano si ya faragha. Akajaribu kesho yake. Akajaribu siku ya tatu. Jirani akamwambia, "Hiyo ni netiweki tu, mwanangu, ngoja usiku." Akangoja. Alipopanda matatu kuvuka Sabaki hadi saiba ya Malindi, ukurasa ulifunguka mara moja, na palikuwa pameandikwa kwamba maombi yalifungwa jana yake. Akakaa nyumbani hadi awamu ya Januari. Miezi minne ile alikuwa akiuza maandazi asubuhi na mama, na hakusema neno.

Tovuti haikuwa na kosa. Nilipokuja kuchunguza kwa kompyuta ya shule, niliona cheti chake ni cha Let's Encrypt. Sasa rudini kwenye mfano wa chifu. Let's Encrypt ni chifu mgeni, na simu zilizotengenezwa kabla ya Android 7.1.1 hazina muhuri wake katika orodha. Mwanzoni chifu mkongwe, aliyejulikana na simu zote, alikuwa akimpigia muhuri wa udhamini. Muhuri wa mkongwe huyo ulikwisha muda Septemba 2021. Ukatafutwa ujanja wa kuzisaidia simu kuukuu miaka mitatu zaidi, hadi Septemba 2024, kisha basi. Shirika lenyewe lilieleza mwaka 2020 kwamba simu za Android zilizokuwa chini ya toleo hilo zilikuwa asilimia 33.8, yaani thuluthi moja nzima. Bila shaka zimepungua tangu wakati huo. Lakini jiulizeni zilizobaki ziko wapi. Haziko Nairobi kwenye maofisa wa benki. Ziko Marafa, ziko Ngomeni, na moja ninaijua iko Mambrui.

Kinachoniuma ni kwamba simu ile haikumwambia dada, "Mimi nimezeeka, tafuta simu nyingine." Ilimwambia kuna hatari. Mtu akiambiwa hatari naye hajui asili yake, atafanya nini? Atangoja.

Kuna kisa kingine cha maabara yetu ya kompyuta, nacho ni kifupi na cha kuchekesha kidogo. Kompyuta nne kati ya kumi na mbili zilikuwa zinakataa kila tovuti yenye kufuli. Tulisema ni virusi. Mwalimu alizisafisha, akaweka programu upya, wapi! Mpaka msichana mmoja wa kidato cha pili akaangalia pembeni mwa skrini akasema, "Kwani hii inaamini ni mwaka gani?" Ilikuwa inaonyesha Januari 2012. Ndani ya kompyuta mna betri bapa ya mviringo, kama ya saa, inayotunza tarehe wakati umeme umezimwa. Ilikuwa imekufa. Kompyuta ikitazama cheti kinachoanza mwaka huu inasema cheti hiki hakijaanza kazi, kana kwamba barua ya chifu imeandikwa tarehe ya kesho kutwa. Betri nne kwa fundi wa saa mjini, mambo yakaisha. Kurasa zisizo na kufuli zilikuwa zikifunguka siku zote hizo, kwa sababu zenyewe haziulizi leo ni tarehe ngapi.

Limebaki jambo la mwendo. Sisi wa Malindi setilaiti si kitu kigeni kwetu. Hapo Ngomeni, kwenye majukwaa ya San Marco ya Waitalia, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa Siku ya Uhuru wetu. Hiyo ilikuwa ya kuchunguza nyota. Setilaiti za mawasiliano zilizotegemewa na Kenya kwa intaneti kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 hukaa mbali zaidi, kilomita 35,786 juu. Fanyeni hesabu pamoja nami. Ujumbe unapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: jumla ni kilomita kama 143,000. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi kila swali na jibu lake ni karibu nusu sekunde, hata mtambo uwe mzuri vipi.

Sasa, kwetu pwani mtu haulizi bei ya samaki kabla ya kusalimiana. Kompyuta nazo ni hivyo. Bila kufuli kuna salamu moja, kisha ombi la ukurasa: safari mbili, sekunde moja. Kufuli la toleo la 2008 liliongeza salamu mbili za kukubaliana kanuni na kuonyeshana cheti: safari nne, sekunde mbili. Toleo la 2018 limepunguza salamu moja, kwa hiyo sekunde moja na nusu. Kwa waya wa baharini hutaona tofauti. Lakini ziko shule za mbali, kwetu Kenya na hata Uganda, zilizobaki na setilaiti hizo za juu, na ukurasa mmoja wa siku hizi huita seva nyingi, kila moja na salamu zake.

Lililo zito kuliko salamu ni akiba. Wanafunzi 40 wakiambiwa wafungue ukurasa mmoja wa kilobaiti 500, zamani kompyuta moja ya shule iliweza kuuleta mara moja, ikauweka, ikawagawia wote, kama mwalimu anayeandika shairi ubaoni kila mtu akanakili. Kwa kufuli haiwezekani, kwa kuwa kompyuta ile ya katikati nayo inaona vurugu tupu kama yule wa tangazo la kamari. Kufuli halijui huyu ni mwalimu na yule ni mwizi. Kwa hivyo badala ya nusu megabaiti zinaletwa megabaiti 20, barua arobaini zilizofungwa kwa gundi zenye maneno yale yale. Wikipedia ilitangaza kufuli kwa wasomaji wote Juni 2015. Sasa shule zisizo na intaneti ya kutosha huihifadhi nzima kwenye diski na kuisoma kwa programu ya Kiwix. Hiyo ni njia nzuri, ila ni nakala, haijui kilichoandikwa jana.

Haya, nasimama wapi? Nimeacha kusema kufuli liondolewe. Ile siku ya mkahawani inanitosha, na ukurasa unaouliza nywila au pesa bila kufuli nisingeugusa kabisa. Lakini ukurasa wa kusoma tu, kama wetu, naona uwe na milango miwili. Wenye kufuli uwe ndio mkuu, na ule wa zamani usio na kufuli uachwe wazi kwa simu kuukuu, bila kumsukuma mtu kwa nguvu kwenye mlango ambao simu yake haiwezi kuufungua. Mwalimu wa kompyuta hakubaliani nami. Anasema mlango wa zamani ukiwa wazi kamari itarudi kupitia hapo, na kivinjari kitaendelea kuandika "si salama" mbele ya wazazi. Sina jawabu la kumshinda. Ninachoweza kusema ni kwamba anayeingia kwa simu ya Android 5 huenda akakutana na tangazo, na mlango ukifungwa hatakutana na chochote.

Mambo mengine tumeshakubaliana bila kura. Nywila ya seva sasa wanaijua watu watatu, mmoja wao akiwa mlezi mwenyewe. Programu ya kukifanya cheti upya imewekwa, na nakala ya ukurasa mzima iko kwenye diski ndogo katika kabati la maabara. Habari ya milango miwili itapigiwa kura Alhamisi ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi jioni. Sisi wa kutwa tunaombwa tusikimbilie matatu siku hiyo.

Wiki iliyopita nilijaribu tena ukurasa wetu kwa simu ya mama. Umekataa. Nyanya alikuwa kando yangu anachambua mchicha, akaniuliza ngano yake iko wapi. Nikamwambia ngoja jarida litoke, nitakuletea ya karatasi.